Namna ya kulisha bakteria wa utumbo wako ili uzeeke na nguvu zako

Mtazame mzee unayemfahamu akiwa mezani, kisha kumbuka alivyokuwa akila miaka 20 iliyopita. Mara nyingi kilichopungua si wingi wa chakula peke yake, ni aina zake. Karanga ziliondoka meno yalipoanza kulegea. Maharage yaliondoka kwa sababu ya gesi. Tofaa likawa kazi kulitafuna, mboga zikawa supu iliyochujwa, na jioni nyingi supu yenyewe ikawa chai na mkate mweupe. Hakuna siku aliyokaa akaamua kula hivyo. Sahani ilisinyaa yenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Kuna viumbe waliokuwa wakiishi kwa vyakula hivyo vilivyoondoka. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria trilioni 38 hivi, idadi inayokaribiana na seli za mwili wenyewe, na wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 tu hivi. Wengi wamejazana kwenye utumbo mpana. Riziki yao kubwa ni kile ambacho wewe umeshindwa kukisaga, yaani nyuzinyuzi za mimea. Sahani ikisinyaa, wao ndio wanaolala njaa kwanza.

Mwongozo huu ni wa kuipanua sahani hiyo tena, iwe ni yako una miaka 50 na unajiandaa, au ni ya mzazi unayempikia. Mimi si daktari. Nimempikia mama yangu kwa miaka kadhaa, na baadhi ya makosa utakayoyakuta humu niliyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza, kinachoendelea huko ndani

Bakteria wakipata nyuzinyuzi huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikumbuka. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mpana hupata kutoka kwenye butireti kiasi cha asilimia 70 ya nishati zinazohitaji. Ukuta ulioshiba hukaa umeshikamana. Ukuta wenye njaa huanza kuvuja, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeuka na kula ute unaoukinga ukuta huo.

Kinachovuja ni vipande vya bakteria. Vikifika mahali pasipo pake, kinga ya mwili huamka, na ikiamshwa kila siku haipati usingizi tena. Mwaka 2000 mtafiti wa Italia Claudio Franceschi na wenzake waliieleza hali hii kuwa ni sehemu ya kuzeeka kwenyewe: uvimbe wa chini kwa chini, usio na jipu wala homa, kama makaa chini ya majivu. Unahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari cha ukubwani na kuisha kwa misuli. Huko Kanada, mwaka 2017, watafiti waliripoti kwamba panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote walizeeka bila uvimbe huo kupanda. Walipowekwa pamoja na panya wazee wenye bakteria wao, uvimbe ulipanda. Walipowekwa pamoja na vijana, haukupanda vile.

Mwaka huohuo kulikuwa na habari ya samaki mdogo wa vidimbwi vya msimu vya Zimbabwe na Msumbiji, ambaye maisha yake yote ni miezi michache. Samaki wa makamo walisafishwa utumbo kwa antibiotiki, wakapewa bakteria wa samaki vijana, na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Inasisimua, lakini samaki ni samaki. Usimruhusu mtu akuuzie chupa ya kitu kwa kutumia habari hii.

Kwa binadamu, utafiti uliobadili mtazamo wangu ni wa Ireland, uliotoka mwaka 2012. Wazee 178 walipimwa. Wale wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee walikuwa na aina chache za bakteria kuliko wale wanaoishi majumbani mwao, na uchache huo uliambatana na udhaifu wa mwili. Tofauti hizo ziliambatana na mlo. Watu wenye umri uleule walikuwa na matumbo tofauti, na sahani zao nazo zilikuwa tofauti.

Na je, sahani ikirekebishwa uzeeni inasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu 612 wenye miaka 65 hadi 79 katika nchi 5 za Ulaya kwa mwaka mmoja. Nusu hivi walihamia kwenye mlo wa mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni. Kwa wale waliouzingatia vizuri, waliongezeka bakteria wanaoambatana na udhaifu mdogo, uvimbe mdogo na akili inayofanya kazi vizuri zaidi. Miaka 65 si kuchelewa.

Hatua ya 1: Andika, usibadilishe chochote

Kwa wiki moja kula kama kawaida, ila uwe na daftari. Kila mmea unaoingia mdomoni uandike mara moja tu: mboga, tunda, nafaka, kunde, karanga, mbegu, kiungo. Mwisho wa wiki uhesabu.

Daftari la mama la wiki ya kwanza lilikuwa na mimea 9: ngano, mchele, viazi, nyanya, kitunguu, karoti, ndizi, chungwa na majani ya chai. Alishangaa. Kwa maoni yake alikuwa akila vizuri, na kweli alikuwa halali njaa. Lakini mkate aliokula mara 14, na tambi, na biskuti, vyote vilikuwa ngano ileile iliyovaa nguo tofauti.

Utasikia watu wakitaja mimea 30 kwa wiki. Namba hiyo ilitoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2018, ambao uliona kwamba wanaokula zaidi ya aina 30 kwa wiki wana bakteria wa aina nyingi kuliko wanaokula 10 au pungufu. Hakuna muujiza unaotokea kwenye mmea wa 30. Mtu akitoka 9 akafika 18 amefanya kazi kubwa, na hilo ndilo lengo ningempa mtu wa miaka 75.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa choo. Usione haya, ni kipimo bora ulichonacho nyumbani na ni cha bure. Andika umeenda mara ngapi na choo kilikuwaje. Hospitali hutumia chati ya aina 7 iliyotengenezwa Bristol, Uingereza: aina ya 1 ni vigololi vikavu vilivyotengana, ya 7 ni maji matupu, na inayotafutwa ni ya 3 au ya 4, yaani choo kimoja kirefu kama soseji, kinachotoka bila kusukumwa. Kwa kawaida utumbo hupunguza mwendo kadiri umri unavyokwenda, na choo kinachokaa siku nyingi ndani hubadilisha hali ya bakteria pia.

Hatua ya 2: Ondoa mawe njiani kabla ya kuongeza chakula

Hapa ndipo wengi huruka, kisha wanalaumu maharage.

Anza na mdomo. Meno ya bandia yanayocheza au jino linalouma vitaua mpango wowote wa mboga na karanga. Ukisikia mzee anasema siku hizi hapendi matunda, muulize kwanza kuhusu meno.

Fuata dawa. Kusanya dawa zote, weka mezani, mpelekee daktari au mfamasia na uulize maswali 2: ipi inafunga choo, na ipi haihitajiki tena? Vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu za jamii ya kodeini na mofini hufunga choo sana. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, huwafungulia bakteria wa mdomoni njia ya kushuka hadi utumboni, kwa kuwa asidi iliyokuwa ikiwazuia imepungua. Wapo wanaozihitaji kweli, hasa wanaomeza dawa zinazochubua tumbo, kwa hiyo usiziache mwenyewe. Lakini wapo pia walioandikiwa kwa wiki 4 na wakaendelea nazo kwa miaka 6.

Antibiotiki ni kisa kingine. Zikihitajika, meza na umalize kama ulivyoelekezwa. Mafua hayazihitaji. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, kuharisha mara 3 au zaidi kwa siku wakati wa dozi ya antibiotiki au wiki chache baada yake ni jambo la kwenda hospitali, si la kusubiri lipite. Kuna bakteria anayeitwa Clostridioides difficile ambaye huchukua nafasi wenzake wanapofagiliwa, na kwa wazee anaweza kuua.

Na kabla ya yote, kuna dalili ambazo hazitibiwi kwa mlo: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, uzito unaopungua bila sababu, upungufu wa damu, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa bila sababu, na maumivu ya tumbo yanayokuamsha usiku. Ukiwa na mojawapo, funga ukurasa huu uende ukapimwe. Mwenye ugonjwa wa figo aongee kwanza na wanaomtibu, kwa sababu kunde na matunda mengi yana potasiamu nyingi. Vivyo hivyo aliyewahi kuambiwa kwamba utumbo wake una mahali pembamba, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni.

Hatua ya 3: Nyuzinyuzi, kwa mwendo wa kinyonga

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Kupata picha: kipande cha mkate mweupe kina gramu 1 hivi. Tofaa lenye ganda lina gramu 4. Nusu ya parachichi ina 6 au 7. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina 15. Kwa hiyo siku ya chai, mkate mweupe na supu iliyochujwa inaweza kuisha bila kufika gramu 10.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Nilisoma, nikapata moto, nikampikia mama bakuli zima la maharage mekundu baada ya miaka mingi ya kutoyagusa. Usiku ule tumbo lilijaa kama ngoma. Kesho yake alikataa maharage, keshokutwa akakataa hata dengu, na ilinichukua miezi 2 kumrudisha. Hakuwa na ugonjwa. Bakteria waliobaki tumboni mwake hawakuwa wamezoea mzigo ule. Wakauchachusha ovyo, gesi ikatoka nyingi kwa mara moja. Tumbo linahitaji wiki kadhaa ili bakteria wanaofaa waongezeke wafike idadi ya kuifanya kazi hiyo kimya kimya.

Kwa hiyo ongeza nyuzinyuzi zisizozidi gramu 5 hivi kwa siku, ukae hapo wiki nzima, ndipo uongeze nyingine. Hivi ndivyo ningefanya leo:

Wiki ya kwanza, vijiko 2 vikubwa vya dengu zilizoiva hadi kupondeka, zichanganywe kwenye supu aliyoizoea. Dengu huiva haraka na wengi huzivumilia kuliko maharage. Supu isichujwe.

Wiki ya pili, badilisha nusu tu ya mkate au uji uwe wa nafaka isiyokobolewa. Nusu, kwa sababu ukibadilisha wote ladha itakataliwa. Shayiri ni nzuri kwa kuanzia, maana nyuzinyuzi zake huteleza.

Wiki ya tatu, tunda zima badala ya juisi. Juisi iliyochujwa imeacha kwenye chujio kile ambacho bakteria walikuwa wakikingoja, ikamletea mzee sukari. Tunda gumu lisage lote na nyama yake, au ulipike kidogo lilainike.

Wiki ya nne, ndipo maharage. Yaloweke saa 8 hadi 12, umwage maji ya kulowekea ili zile sukari zinazoleta gesi ziondoke nayo kwa sehemu, kisha yachemke kwa nguvu kwenye maji mapya na yaendelee hadi yabonyee kati ya ulimi na kaakaa. Maharage mekundu yasipikwe kwa moto mdogo tangu mwanzo: yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli wa dakika 10 au zaidi.

Maji yaende sambamba. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo, na mtu akizeeka kiu yake hupungua hata mwili ukiwa mkavu. Usimngoje aombe. Isipokuwa kama daktari amempangia kiwango cha maji kwa sababu ya moyo au figo, basi afuate kiwango hicho.

Tumbo likijaa, rudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita. Usirudi sifuri.

Hatua ya 4: Ongeza aina, si wingi

Tumbo likishazoea, ongezeko la aina ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kijiko kimoja kinahesabika. Weka jikoni chupa yenye mdomo mpana. Ndani yake changanya ufuta, mbegu za kitani zilizosagwa, mbegu za maboga na karanga, vyote vikiwa unga. Kijiko kimoja kikubwa kwenye uji wa asubuhi kinaingiza mimea 4 bila mtu kutafuna chochote. Chupa hiyo ilimfanyia mama kazi kuliko hotuba zangu zote. Unga wa mbegu huvunda haraka kwa joto, kwa hiyo saga kidogo na uhifadhi kwenye friji.

Viungo na majani ya kukolezea navyo vimo. Rangi tofauti za mboga ileile pia zina kazi, maana sehemu kubwa ya kemikali zinazozipa mboga rangi haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba; hushuka hadi utumbo mpana ikavunjwe na bakteria.

Kuna ujanja mwingine wa viazi na wali. Ukipika, ukapoza, sehemu ya wanga hujipanga upya ikawa ngumu kusagwa, na kwa bakteria hiyo ni sawa na nyuzinyuzi. Hata ukipasha moto tena, sehemu kubwa hubaki. Lakini wali usiachwe mezani usiku kucha. Upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, na uliwe ndani ya siku moja. Kuna bakteria wa wali uliolala nje ambaye sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto.

Sasa onyo moja. Nyuzinyuzi hushibisha, na mzee mwenye hamu ndogo akishiba mboga ataacha samaki au yai pembeni. Misuli yake haitasamehe. Kundi la wataalamu lililokaa kuhusu jambo hili mwaka 2013 lilipendekeza protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa wenye zaidi ya miaka 65 wasio na ugonjwa mkubwa wa figo. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Ale kitu cha protini kwanza, mboga zifuate. Kunde zinahesabika pande zote mbili, ndiyo maana nazing'ang'ania.

Hatua ya 5: Kitu kimoja kilichochachuka kila siku

Wazo hili ni la zamani. Ilya Mechnikov, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, aliamini kwamba bakteria wabaya wa utumbo mpana ndio wanaotuzeesha, naye akawa anakunywa maziwa yaliyochachuka kila siku. Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71, kwa hiyo maziwa hayakumfikisha mbali sana, lakini swali lake bado liko mezani.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwagawa watu wazima 36 wenye afya makundi 2 kwa wiki 10. Kundi moja lilikula nyuzinyuzi nyingi, jingine vyakula vilivyochachushwa. Kundi la vilivyochachushwa lilipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini 19 zinazoashiria uvimbe zilishuka kwenye damu. Kundi la nyuzinyuzi halikuongeza aina katika muda huo. Baadhi ya watu walilisoma hilo kuwa nyuzinyuzi hazina maana. Mimi nalisoma hivi: wageni wameletwa upande mmoja, chakula kimeletwa upande mwingine, na mtu mwenye busara ataleta vyote viwili.

Chagua mtindi usiotiwa sukari, ambao lebo yake inaeleza kuwa bakteria wake wako hai. Uliopashwa moto baada ya kugandishwa ni chakula kizuri, ila abiria wake wameshakufa. Anza na robo kikombe, upande hadi kikombe kizima baada ya wiki 2. Wanaosumbuliwa na maziwa mabichi mara nyingi huuvumilia mtindi kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari yake. Mboga zilizochachushwa kwa chumvi zinafaa pia; zile zilizowekwa kwenye siki tu hazikuchachuka. Mwenye shinikizo la damu azisuuze na ale kidogo. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani au za kupandikizwa kiungo aulize kwanza kwa daktari wake.

Hatua ya 6: Miguu, na kigoda cha chooni

Kutembea kunausukuma utumbo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois uliotoka mwaka 2018 uliwafanyisha watu mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, na bakteria watoao butireti wakaongezeka, hasa kwa wasio wanene. Walipoacha mazoezi wiki 6 nyingine, faida ikapotea. Dakika 20 baada ya chakula cha mchana zinatosha kuanzia.

Halafu ratiba ya choo. Chakula cha kwanza cha siku huamsha utumbo mpana. Ndio wakati wa kwenda kukaa, dakika 10, bila kusukuma. Weka kigoda cha kimo cha sentimita 20 hivi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Njia hunyooka. Kwa mama, kigoda kilifanya ndani ya wiki moja kile ambacho vidonge vya kulainisha choo vilikuwa vikifanya nusu nusu.

Hatua ya 7: Vitu vya kuviacha dukani

Vidonge vya bakteria ndivyo vya kwanza. Vipo vinavyosaidia kwa tatizo maalumu, kwa aina maalumu ya bakteria, daktari akishauri. Kuvimeza tu ili usizeeke ni jambo jingine. Watafiti wa Israel waliripoti mwaka 2018 kwamba watu waliomeza vidonge hivyo baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko wale ambao hawakumeza chochote.

Vipimo vya kinyesi vya kutuma kwa posta vinafuata. Ripoti inarudi na rangi za kijani na nyekundu ikikulinganisha na wastani. Lakini utafiti wa mwaka 2021 uliowahusisha watu zaidi ya 9,000 uliona kwamba wanaozeeka vizuri bakteria wao huzidi kuwa wa pekee, kila mtu na wake, tofauti na jirani. Sasa wastani wa nini utakaopimwa nao?

Chai za kusafisha tumbo na kuosha utumbo kwa maji ziache kabisa. Unawafagia haohao uliotumia miezi kuwalisha.

Na visa vya watu walioishi sana vichukue kama visa. María Branyas wa Hispania alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 117, na wanasayansi waliompima walikuta utumbo wake una bakteria wa kundi la bifido kwa wingi kama wa mtu mdogo sana kwa umri. Alikuwa akila mtindi mara 3 kwa siku. Alikuwa pia na jeni zake, familia yake na bahati yake.

Hatua ya 8: Baada ya wiki 12, fungua daftari

Linganisha wiki ya 12 na ya kwanza. Mimea ni mingapi? Choo kimesogea kuelekea aina ya 3 au ya 4? Vidonge vya kulainisha choo vimepungua? Pima uzito, maana usiotarajiwa kushuka ukishuka ni ishara mbaya hata kama choo ni kizuri. Pima pia nguvu: akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5, nawe ushike saa. Andika sekunde, urudie kila mwezi, na uwe karibu asianguke.

Usitarajie kuhisi bakteria wakibadilika. Wanabadilika haraka, ndani ya siku chache tu za mlo mpya, na kwa kasi ileile hurudi walikotoka mlo ukirudi. Ndiyo maana mpango wa siku 10 hauna faida, na ndiyo maana wiki moja ya ugonjwa au safari isikukatishe tamaa. Anza tena kwenye dengu za vijiko 2 na upande.

Daftari la mama sasa linagota kwenye mimea 21, wiki nyingine 19. Karanga zimerudi, zikiwa unga. Kigoda kipo palepale. Maharage mekundu hataki hata kuyasikia, na sijamlazimisha. Yale meupe, yakipondwa vizuri ndani ya supu, huyala bila kuuliza.